Siku Tuliyomficha Mheshimiwa Shule Yetu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo bado naikumbuka kama ya juzi: siku tuliyoipamba shule ya watoto wetu mpaka ikakaribia kukosa fedha. Nimesikia kwamba wewe na wenzako mmepata miadi ya kuonana na wabunge kuhusu shule ya mtaa wenu, na kwamba mmeshaanza kugawana kazi: nani atapika, nani atafundisha watoto wimbo, nani atasoma risala. Niliposikia hivyo nikasema hapana, huyu lazima nimwite. Vua koti, kaa hapo. Hadithi yenyewe si fupi, na mimi siku hizi siharakishwi.

Tulikuwa tunakaa Tensta, pembeni mwa Stockholm hapa hapa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, majengo bado yananuka rangi na saruji. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa haijafika kwetu. Ukitaka kwenda mjini unapanda basi mpaka Spånga, halafu treni ya kawaida. Mume wangu alikuwa anasomea uhandisi, mimi nafanya kazi hospitali kama muuguzi msaidizi, na Kiswidi nilikuwa nimekishika haraka kuliko yeye, jambo ambalo hakupenda nilitaje mbele za watu. Nalitaja sasa kwa sababu amelala chumba cha pili, na masikio yake siku hizi hayana kazi kubwa.

Binti yetu Neema alikuwa na miaka saba. Nyumbani alikuwa anaongea kama chiriku, mpaka unamwomba apumzike. Shuleni alikuwa hafungui mdomo. Akiulizwa jina lake anaangalia viatu. Mwalimu wa darasa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na darasa lililojaa watoto wa Kifini, wa Kigiriki, wa Kituruki na wa Kiswidi, na hakuwa na muda wa kumngoja mmoja. Akaanza kusema kwamba pengine Neema ahamishiwe shule nyingine, kwenye darasa la watoto wazito wa kuelewa. Mimi nimezaa mara nne, mwanangu, najua uchungu. Neno lile liliniuma kuliko mara zote nne.

Aliyemwokoa Neema ni mwalimu mmoja aliyeitwa Ulla. Kazi yake ilikuwa kuwachukua watoto waliotoka nchi za nje, watatu au wanne kwa wakati mmoja, akawasomesha Kiswidi polepole mpaka waweze kufuata masomo na wenzao. Chumba hakuwa nacho. Shule ilikuwa imefurika, uani kumejengwa mabanda ya mbao, na hata hayo mabanda yalikuwa yamejaa. Basi Ulla alikuwa anafundishia kwenye ukumbi mdogo wa kutundikia makoti, juu ya benchi wanayokalia watoto kuvua viatu vya theluji. Juu ya vichwa vyao makoti yaliyolowa, pembeni ndoo, maana paa la banda lile lilikuwa linavuja. Kila darasa likitoka kwenda kucheza, watoto wote wanapita hapo hapo kuchukua makoti yao, na somo linasimama. Lakini ni hapo hapo Neema alipofungua mdomo. Jioni moja alinisomea ukurasa mzima kwa Kiswidi, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kama nimeelewa, au anirudilie. Nilijifungia jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Mshahara wa Mwalimu Ulla ulikuwa unatoka kwenye fedha za serikali kuu, nazo zilikuwa zimetolewa kwa mwaka mmoja tu. Bunge ndilo lingeamua kama ziendelee. Zisipoendelea, Ulla angeondoka likizo ya kiangazi, na binti yangu angepelekwa kwenye lile darasa la wazito. Mwalimu mkuu, Bi Karin, akawaandikia wabunge wa kamati ya elimu kuwaomba waje kujionea wenyewe. Wakakubali kuja watatu, kwa saa moja. Bi Karin akawaomba wazazi wasaidie kuandaa ugeni, na sisi Waswahili tukajitolea kabla hajamaliza sentensi.

Tulikuwa na mtu wetu, Bwana Sospeter. Kabla ya kuja kusoma alikuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya huko nyumbani. Alikuwa amepokea mawaziri, na hakuchoka kutukumbusha. Alituita kwake, akatukalisha, akasema, "Jamani, mgeni rasmi hafikishwi mahali pachafu. Akiona ile ndoo, tutakuwa tumemdhalilisha mwalimu mkuu, na sisi wenyewe tumejidhalilisha." Nani angempinga? Sote tulikuwa tumelelewa hivyo. Kwetu mkaguzi wa shule akitangazwa, wiki nzima hakuna masomo. Ni kufagia, kupaka chokaa mawe ya kando ya njia, kushona vifungo vya mashati, na kuimba wimbo wa kumkaribisha mpaka sauti zikauke. Mkaguzi anakuta mambo safi, anaandika mambo safi, anakwenda zake. Sisi tunarudi kubanana wanne kwenye kitabu kimoja, na tunajiona tumeshinda.

Jumamosi tukaingia shuleni na mafagio. Tulisugua sakafu ya ukumbi ule wa makoti mpaka ukaweza kujiona uso. Makoti tuliyahamishia kwenye chumba cha mashine za joto. Juu ya misumari ya kutundikia tukatandaza kanga, zangu mbili na za wenzangu, nzuri kweli. Ndoo tukaificha stoo. Mume wangu, mhandisi mtarajiwa, alipanda juu ya paa na turubai akaziba panapovuja, na turubai lilishika kwa wiki ile tu, ambayo ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji. Mwalimu Ulla na watoto wake wanne tukapanga siku ya ugeni wahamie katika chumba cha walimu, chenye meza ya mviringo na maua. Bi Karin alipofika na kuona, alijishika shavu akatushukuru. Niliona macho yake yana wasiwasi, nikadhani ni mtu asiyezoea kusaidiwa.

Basi wageni wakaja. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mrefu kutoka kaskazini, buti nzito miguuni, kicheko cha karibu. Alituambia tumwite Britta, kama Waswidi walivyokuwa wameanza kuitana wote kwa jina tupu. Mimi sikuweza, na mpaka leo siwezi. Kwangu ni Mheshimiwa. Watoto wakaimba. Wageni wakala sambusa, wakala vitumbua vya iliki. Iliki haikuwa tatizo kabisa, Waswidi wanaiweka kwenye mikate yao ya chai na kila duka linayo. Mheshimiwa alikula vitumbua akalamba vidole. Tukatazamana, tukajua mambo yamekwenda.

Halafu, kabla Bi Karin hajapata nafasi ya kusema neno, Bwana Sospeter akasimama na risala yake, mimi natafsiri. Ilikuwa kurasa nne. Ya kwanza salamu. Ya pili historia ya shule, ambayo ilikuwa na umri mdogo kuliko mtoto wangu lakini yeye alipata cha kusema. Ya tatu shukrani kwa serikali na watu wa Uswidi. Ya nne, kama inavyotakiwa kiadabu, ndiyo iliyokuwa na maombi yetu, chini ya kichwa "Upungufu mdogo mdogo". Tulipokuwa katikati ya shukrani, mmoja wa wabunge akatazama saa. Saa moja ilikuwa imekwisha, na walikuwa wanangojwa mahali pengine. Wakasimama, wakatupa mkono mmoja mmoja, wakashukuru sana. Mlangoni Mheshimiwa akageuka akasema, "Nimetembelea shule nyingi, lakini yenye furaha kama hii sijaiona." Nilitafsiri kwa sauti ya juu, na sisi tukapiga makofi. Ukurasa wa nne ulibaki mkononi mwa Sospeter.

Katika kona ya chumba tulichowapokelea wageni alikuwa amekaa Mama Naftali. Huyu alikuwa mama wa Kikenya kutoka milima ya Taita, mjane aliyekuwa amevuka sitini, aliyeletwa Stockholm na binti yake aliyeolewa huku. Walikuwa wanakaa Vällingby, naye alikuwa anakuja kwetu mara kwa mara kutafuta mtu wa kuongea naye Kiswahili, maana wajukuu zake walikuwa wanamjibu Kiswidi. Kwao alikuwa amekaa kwenye kamati ya shule miaka mingi, akizungushana na watu wa idara ya elimu tangu enzi za mkoloni. Siku ile hakula kitu wala hakupiga makofi.

Baadaye tukakusanyika nyumbani kwangu kujipongeza. Sospeter alikuwa anasimulia upya namna mgeni rasmi alivyolamba vidole. Mama Naftali akaweka kikombe chini.

"Nyinyi watu mnanishangaza," akasema. "Yule mama mlimwambia afanye nini?"

Sospeter akaacha kusimulia.

"Nauliza tu. Amekuja, amekaribishwa vizuri, ameagwa vizuri. Hapo katikati aliambiwa nini?"

"Mama," Sospeter akasema kwa upole, "mgeni hapokelewi kwa malalamiko."

"Huyo si mgeni, Sospeter. Huyo ni mtumishi. Wewe hulipi kodi hapa?"

"Nalipa, Mama. Lakini kura hatupigi."

"Sijakuuliza habari ya kura. Kodi wanachukua ama hawachukui?"

"Wanachukua."

"Basi umemfanyia karamu mtu wa kazi, halafu ukasahau kumwonyesha kazi." Akatugeukia sote. "Daktari amekuja mpaka kitandani, na nyinyi mkamsukumia mgonjwa uvunguni mkamwonyesha shuka. Sasa akienda huko Bunge atasema nini? Atasema shuka ni safi!"

Mume wangu aliangalia dari. Mimi nilimwona Neema amekaa sakafuni anachora, hana habari. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila mmoja wetu alijua pale pale kwamba anasema kweli. Mama Naftali akanitazama mimi.

"Wewe unacho Kiswidi, mimi ninao uzee. Tutaenda pamoja."

Siku iliyofuata nilimpigia simu Mheshimiwa kutoka kibanda cha barabarani, sarafu zimenilowa mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kupita kwa makarani na makatibu, niulizwe natoka wapi na shida yangu ni nini. Akapokea mwenyewe! Akasema tuje keshokutwa. Nikatoka kwenye kile kibanda nimechanganyikiwa. Nataka ulijue hilo kabla hujaenda, kwamba wakubwa wa nchi hii wanapatikana, ila wengi wetu hatupigi simu.

Bunge wakati huo lilikuwa limehamia kwa muda katika jengo jipya katikati ya mji, penye uwanja wa Sergel. Mama Naftali alivaa kitambaa chake kizuri cha kichwa na koti la mkwewe lililomfika visiginoni. Chumba cha Mheshimiwa kilikuwa kidogo kuliko jiko langu, na kahawa alitumiminia yeye mwenyewe. Nikaanza kushukuru kwa ziara yake. Alinikatiza kwa wema tu, akasema, "Nimeshaandika taarifa yangu. Nimeandika kwamba shule yenu inajimudu vizuri, na kwamba zipo nyingine zenye haja zaidi. Kamati inakaa wiki ijayo."

Nilimtafsiria Mama Naftali.

"Mwambie tulimficha," akasema.

"Mama, siwezi kumwambia mtu mzima hivyo."

"Utamwambia. Na usiipake sukari."

Sijui kama utaelewa, wewe uliyezaliwa huku. Kumwambia mgeni kwamba ukarimu uliompa ulikuwa pazia, kwetu ni aibu ya kukufanya utamani ardhi ipasuke. Nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili nikasema, "Mheshimiwa, shule uliyoiona siyo ile wanayosomea watoto wetu. Tulikuficha."

Akaweka kikombe chini. Uso wake ukabadilika. "Mlinidanganya?"

Mama Naftali hakungoja tafsiri, uso ulikuwa umemtosha. Akasogea mbele ya kiti. "Mwambie hivi. Kwetu mgeni hakuti nyumba haijafagiwa. Hiyo ni heshima, na tulimpa. Lakini yeye alikuja kazini, na sisi tukamzuia kufanya kazi. Hilo kosa ni letu, tumelileta wenyewe, hakuna aliyetukamata. Kuanzia sasa kazi ni yake."

Nikatafsiri kila neno. Sauti yangu ilianza ikitetemeka, lakini nilipofika "kazi ni yake" nilikuwa nimemtazama machoni. Halafu akacheka, si kicheko kile cha sambusa, kingine cha chini zaidi.

"Mimi nimezaliwa kijijini, kaskazini," akasema. "Padri alipokuwa akija nyumbani kutukagua kusoma, kama ilivyokuwa desturi, mama yangu alikuwa anaazima viti kwa jirani na kutuvalisha soksi za binamu zetu. Padri akawa anawaambia watu kwamba sisi ni nyumba isiyohitaji kitu. Na kweli, hatukupata kitu." Akavuta ile taarifa yake akaikunja katikati. "Nitakuja tena. Sitasema siku. Na msipike chochote."

Nilipomtafsiria Mama Naftali, akajibu, "Mwambie safari hii hata chai hapati."

Tangu siku ile Mama Naftali akawa anapanda basi kila asubuhi kuja shuleni kwetu. Mimi nilikuwa nafanya zamu ya jioni, kwa hiyo asubuhi nampeleka Neema na kukaa kidogo kumsaidia Ulla kuwafungua watoto buti. Nikamwambia Mama Naftali hana haja ya kujisumbua, Mheshimiwa akija nitampokea mimi. "Simwogopi Mheshimiwa," akasema. "Nakuogopa wewe na kitambaa chako cha kufutia."

Na alikuwa na haki. Asubuhi aliyokuja Mheshimiwa, mvua ya theluji ilikuwa inamwagika. Turubai la mume wangu lilikuwa limeshakwenda na upepo, ndoo imejaa nusu, sakafu matope matupu. Mlango ukafunguka, mara Mheshimiwa huyo, peke yake, kofia imelowa chapa. Mkono wangu ukaruka wenyewe kwenda kwenye tambara. Mama Naftali alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa mgumu kwelikweli.

"Acha," akasema.

Nikaacha. Hakuna kazi niliyowahi kufanya ngumu kama ile ya kusimama na kuacha.

Mheshimiwa akakaa mwisho wa benchi, magoti yamemfika kidevuni, makoti yanamdondoshea maji begani. Neema alikuwa anasoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Mlango wa darasa ukafunguka, watoto wakamiminika kuchukua makoti, kelele, sukuma sukuma, mikono inapita juu ya vichwa vya wanaosoma. Neema akanyamaza, kidole kikabaki palepale. Walipokwisha kutoka akarudi mwanzo wa sentensi. Hajaimaliza, mlango wa pili ukafunguka, wakamiminika wengine. Akanyamaza, akangoja, akaanza tena mwanzo. Ikawa hivyo mara ya tatu.

Mheshimiwa akainama. "Kwa nini usiendelee ulipoishia?"

Mwanangu, mimi nilifumba macho, maana yule mtoto alikuwa hajawahi kumjibu mtu asiyemjua. Nikasikia sauti yake ndogo, kwa Kiswidi kilichonyooka kuliko changu: "Nikianzia katikati siielewi." Kisha, kwa adabu kabisa, akamwomba asogee, kwa sababu alikuwa amekalia glavu ya mtu.

Mheshimiwa akasogea. Alisikiliza mpaka ukurasa ukaisha. Alimuuliza Ulla maswali mawili matatu kuhusu kazi yake. Ndipo akanigeukia mimi. "Mnataka nini hasa?"

Sikuanza na salamu safari hii, wala na shukrani. Nilisema, "Mwalimu Ulla abaki. Na apewe chumba chenye mlango." Nikanyamaza. Kwa pembeni nilimwona Mama Naftali anatikisa kichwa kukubali, ingawa hakujua neno hata moja nililosema. Labda alihesabu tu jinsi lilivyokuwa fupi.

Majira ya kuchipua tulikwenda kukaa roshani, mahali wananchi wanaporuhusiwa kusikiliza Bunge. Tulikuwa mimi, Mama Naftali, na Sospeter aliyevaa tai. Wabunge walisema mengi, ya mabilioni na ya asilimia, na mimi nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nikijiuliza katika maneno makubwa namna ile mtoto wangu atapata nafasi wapi. Ndipo Mheshimiwa akasimama. Hakusema habari ya shule yenye furaha. Alisema, "Yupo msichana wa miaka saba anayesomea chini ya makoti yaliyolowa. Kila mlango unapofunguka anaweka kidole chini ya neno na kungoja. Kisha anaanza sentensi upya, kwa sababu anataka kuielewa. Yeye amefanya sehemu yake. Swali ni kama sisi tutafanya yetu." Akakaa. Nilijaribu kumtafsiria Mama Naftali, maneno yakakataa kutoka. Akanipigapiga goti akasema, "Nimesikia." Hakuwa na Kiswidi, lakini sikumbishia.

Fedha zilipita. Ulla alibaki. Neema hakupelekwa kwenye darasa la wazito, si mwaka ule wala mwaka mwingine wowote, alimaliza na wenzake kwenye shule ile ile. Chumba chenyewe hatukukipata siku hiyo, maana majengo yalikuwa mikononi mwa halmashauri ya mji, si Bunge. Kwenye treni ya kurudi Spånga nililia mpaka abiria wakaniangalia. Mama Naftali akanipa leso. "Lia," akasema. "Ukimaliza, tutazungumza habari ya mlango." Tuliuzungumza, na tukaenda halmashauri, tukarudi, tukaenda tena, na mlango ukapatikana. Bwana Sospeter ndiye aliyeandika risala ya safari hizo. Ilikuwa nusu ukurasa, na maombi yalikuwa mstari wa kwanza.

Basi mwanangu, ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Unapokwenda kwa watunga sheria hukwenda kuomba fadhila. Wale wameajiriwa, na wewe ni miongoni mwa waliowaajiri, hata kama jina lako linawashinda kutamka. Kwa hiyo usijikunje, na usiwe na jeuri pia, maana jeuri ni woga uliovaa nguo nyingine. Mwonyeshe palipo pabaya, na ukimaliza kumwonyesha, nyamaza uache paseme. Usimletee watoto wote wa nchi kwa mkupuo, atachoka. Mletee mmoja, aliye hai, mwenye jina, anayefanya sehemu yake. Mwambie unachotaka kabla hajatazama saa, na kiwe kitu anachoweza kukitaja kwa pumzi moja. Akikwambia hapana, muulize nani mwenye uwezo wa kusema ndiyo, kisha uende kwa huyo. Karamu ifanyeni baada ya fedha kupita, na mimi mnialike.

Najua mna woga. Sisi pia tulikuwa nao, na hatukuwa na kura, wala lugha ya kutosha, wala nguo nzuri za baridi. Tulikuwa na shida ya kweli na mtu mmoja wa kutuambia tusiifiche. Wewe una kura na una lugha. Hakuna sababu ya kushindwa, nakuambia wazi.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe sauti isiyotetemeka na ulimi usiotia chumvi. Akupe wenzako wa kukushika mkono pale utakapotaka kupaka rangi mambo. Na kwa kuwa umeniambia kwamba wewe hujajaliwa mtoto, na kwamba unaogopa watakuuliza unatafuta nini pale, basi wakikuuliza yule mtoto unayemsemea ni wa nani, usibabaike. Sema ni wako.